Maswali ya Wasomaji: Ada ya Chuo cha Afya, Hesabu Kamili

Tangu majina ya waliochaguliwa kwenda vyuo vya afya yatoke, barua tunazopata kutoka Moshi, Arusha na vijiji vya mlimani zinauliza jambo moja kwa sura nyingi: fedha. Tumezichagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Kila chuo kina kiwango chake cha ada, kwa hiyo tarakimu zilizomo humu ni za fomu ya aliyeuliza. Weka za kwako mahali pake, hesabu ni ileile.

Wahariri, habari za kazi. Binti yangu amepata chuo cha binafsi cha uuguzi. Tangazo lilisema ada ni shilingi 1,400,000 kwa mwaka. Fomu ya kujiunga imekuja na jumla yake ni 2,390,400. Karibu milioni nzima imetoka wapi? Ninaibiwa? — Mama wa watoto wanne, Kibosho

Mama, pole kwa mshtuko. Kwa jinsi tulivyoisoma fomu uliyotutumia, huibiwi, ila hukuambiwa yote mapema. Tangazo hutaja ada ya mafunzo peke yake. Fomu ya kujiunga ndiyo inayotaja ada pamoja na michango, na ndiyo karatasi ya kuifanyia uamuzi. Mzazi yeyote anayelinganisha vyuo viwili aombe fomu za vyuo vyote viwili, asilinganishe matangazo.

Chukua kalamu ugawe mistari ya fomu yako mafungu matatu. La kwanza ni vitu vinavyolipwa mara moja tu: usajili 20,000, kitambulisho 10,000, fedha ya tahadhari 50,000, sare 90,000 na kitabu cha kumbukumbu za mazoezi 30,000. Jumla 200,000. La pili ni michango ya kila mwaka: mitihani ya ndani 100,000, mtihani wa Wizara ya Afya 150,000, uhakiki wa ubora 20,000, serikali ya wanafunzi 20,000, bima ya afya 50,400 na mazoezi ya hospitalini 150,000. Jumla 490,400. La tatu ni hosteli, 300,000. Ukijumlisha mafungu yote unapata 990,400, ndiyo milioni yako iliyopotea.

Sasa hesabu ya maana zaidi. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu. Ada, michango ya mwaka na hosteli ni 2,190,400 kwa mwaka. Mara tatu ni 6,571,200. Ongeza zile 200,000 za mara moja, unapata 6,771,200. Mzazi aliyezidisha 1,400,000 mara tatu alijiandaa kwa 4,200,000. Hilo pengo la milioni mbili na nusu ndilo linalorudisha watoto nyumbani mwaka wa pili, wakati mwaka wa kwanza familia iliuza ng'ombe ikadhani imemaliza kazi.

Kabla ya kulipa, muulize mhasibu maswali manne, na majibu yake yaandike nyuma ya fomu. Kiwango hiki kitabaki hivihivi miaka yote mitatu, au chuo kinaweza kukipandisha? Fedha ya tahadhari inarudishwa mwishoni, na kwa utaratibu gani? Bima ni lazima hata kama mtoto ana kadi ambayo muda wake haujaisha? (Vyuo vingi hukubali nakala ya kadi hai, na shilingi 50,400 zinabaki mfukoni.) La nne ndilo watu husahau: akienda mazoezi kwenye hospitali ya wilaya au kituo cha afya cha mbali, nauli, chakula na pa kulala ni juu ya nani? Mara nyingi ni juu ya mzazi, na hakuna mstari wake kwenye fomu.

Kuna pia vifaa: stetoskopu, mashine ya presha, themometa, saa ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde, mikasi, boksi la glavu, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kufunika vidole. Sare usishone mpaka uone rangi na mshono wa chuo chenyewe, maana bluu ya chuo kimoja si bluu ya kingine. Mashine ya presha ya mshale ijaribu dukani: kabla ya kujaza upepo mshale ukae kwenye sifuri, funga valvu, jaza mpaka 200, kisha tazama. Ukiona mshale unashuka wenyewe na valvu imefungwa, mpira unavuja. Iache hapo hapo, hata kama ni ya bei nafuu.

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba. Chuo cha kijana wangu kinataka 2,000,000 kwa awamu nne: asilimia 40 siku ya kuripoti mwanzoni mwa Oktoba, kisha asilimia 20 katikati ya Desemba, ya Machi na ya Mei. Fedha za kahawa haziji kwa kalenda ya chuo: malipo ya awali ya chama cha msingi nayapata Novemba, na ya pili, baada ya mnada, nayatarajia Januari. Naweza kuomba nilipe kwa mpango wangu? — Baba, Old Moshi

Baba, shikamoo. Unaweza, na wakuu wa vyuo wa mikoa hii wanaijua kahawa. Wanachokataa ni maombi yasiyo na tarehe. "Nitalipa nikipata" si mpango. Mhasibu naye ana mishahara ya walimu na mpishi wa kuilipa mwisho wa mwezi.

Tuanze na kalenda yako. Umesema malipo ya awali ya chama cha msingi unayapata Novemba na malipo ya pili, baada ya mnada, unayatarajia Januari. Migomba inakupa kidogokidogo mwaka mzima. Chuo kinataka 800,000 Oktoba, wewe huna. Lakini tazama: ukitoa 500,000 Oktoba, 700,000 ifikapo 30 Novemba, 500,000 ifikapo 31 Januari na 300,000 ifikapo 15 Mei, unakuwa nyuma ya chuo kwa 300,000 mwanzoni tu. Mwisho wa Novemba umeshatimiza 1,200,000, kiasi kilekile ambacho chuo kilitaka katikati ya Desemba. Mwisho wa Januari umefika 1,700,000 wakati wenye kufuata awamu za kawaida bado wako kwenye 1,200,000. Hoja hiyo iandike waziwazi kwenye barua, kwa jedwali dogo la safu mbili: awamu za chuo upande huu, zako upande ule. Mkuu wa chuo akiona kwamba kuanzia Januari chuo ndicho kinachonufaika, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Barua iende kwa mkuu wa chuo kupitia kwa mhasibu, wiki mbili au tatu kabla ya kuripoti. Iwe na jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye barua ya udahili, kozi yake, jumla unayodaiwa, tarehe na kiasi cha kila awamu, chanzo cha fedha, na namba ya simu inayopatikana. Ambatisha barua ya chama chako cha msingi kwamba wewe ni mwanachama unayeuza kahawa kwao, na ya mtendaji wa kijiji. Peleka nakala mbili. Moja ibaki chuoni, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Jibu lazima liwe la maandishi na lenye sahihi ya mkuu wa chuo. Mhasibu aliyekubali kwa mdomo anaweza kuhamishwa Februari, na anayekuja hajui lolote mlilozungumza.

Tarehe zako ziwe na nafasi ya kupumua. Kama unatarajia malipo katikati ya Novemba, andika 30 Novemba. Ukiona mnada umechelewa, andika barua nyingine kabla ya tarehe kufika. Anayeomba kusogezewa siku tano kabla husikilizwa. Anayeomba siku tano baada ya tarehe kupita anahesabiwa mdaiwa.

Na fedha za migomba usizipeleke chuoni kila siku ya soko, elfu ishirini leo, elfu kumi na tano wiki ijayo. Makato ya wakala yanakula, na risiti ishirini ni rahisi kupotea kuliko nne. Ziweke SACCOS au kwenye kikundi, zitoke kwa awamu.

Nimezuiwa kufanya mtihani wa muhula kwa deni la 180,000. Nina uhakika nyumbani walilipa zaidi ya hapo. Mtihani ni Jumatatu. Nifanye nini? — Mwanafunzi wa mwaka wa pili, utabibu, Arusha

Mdogo wetu, leo hii nenda uhasibu uombe taarifa ya akaunti yako yenye kila malipo na tarehe yake. Usiende kubishana na anayegawa kadi za mtihani, yeye ana orodha tu. Weka risiti zako kando ya taarifa hiyo, mstari kwa mstari.

Mambo matatu ndiyo husababisha kisa kama chako. La kwanza, malipo yamefika benki lakini hayakuingizwa kwenye jina lako, kwa sababu aliyelipa aliandika jina la baba au aliacha namba ya usajili. Hapo slipu ya benki inamaliza shauri: mhasibu anatafuta tarehe na kiasi, anakuhamishia. La pili, fedha zimeingia ila zimegawanywa tofauti na mlivyodhani. Nyumbani walituma "ada", chuo kikatoa kwanza hosteli na michango, ada ikabaki na pengo. Hilo si kosa la mtu, ni kanuni ya chuo, na ipo kwenye fomu. La tatu, kuna deni la muhula uliopita lililobebwa mbele: faini ya kuchelewa, kifaa kilichovunjika maabara, kitabu cha maktaba.

Kama deni ni la kweli, nenda kwa mkuu wa chuo au mlezi wa wanafunzi na barua ya kuahidi kulipa, mzazi akiwa kwenye simu au, bora zaidi, akiwa amekuja mwenyewe. Beba chochote kilichopatikana. Mwanafunzi aliyelipa 100,000 kati ya 180,000 na ana barua ya 80,000 ifikapo tarehe fulani yuko mahali tofauti kabisa na aliyekuja mikono mitupu.

Tunakuhimiza ukimbie kwa sababu moja. Mitihani ya vyuo vya afya vya Bara huratibiwa na Wizara ya Afya kwa ratiba moja. Chuo chako hakiwezi kukutungia mtihani wa peke yako Alhamisi kwa kuwa fedha imeingia Jumatano. Ukiukosa bila ruhusa ya maandishi, unasubiri nafasi nyingine, na kulingana na kanuni za chuo unaweza kusogea nyuma ya wenzako. Deni la 180,000 linageuka gharama ya hosteli, chakula na ada ya kipindi cha ziada.

Kwa wazazi wanaosoma jibu hili: hesabuni awamu zenu mkirudi nyuma kutoka tarehe ya mtihani. Muulize mhasibu lini majina ya watahiniwa yanapelekwa. Fedha ya mtihani wa wizara ilipwe kabla ya siku hiyo, na ukilipa kiasi pungufu, mwandikie mhasibu kwamba kiasi fulani kiende kwenye mtihani kwanza. Hosteli inaweza kungoja wiki mbili. Orodha ya watahiniwa haingoji.

Chuo cha serikali wamenipa "kontrol namba". Nimelipa kwa simu, imekataa mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Sasa jirani ananiambia angenilipia kwa namba ya mtu anayemfahamu chuoni na ingekuwa rahisi. — Mzazi, Pasua, Moshi

Mshukuru jirani kwa nia yake njema, ila usimsikilize kabisa.

Kontrol namba ya serikali ina tarakimu 12 na huanza na 99. Namba hiyo imefungwa na jina la mwanafunzi wako na ankara moja, ndiyo maana huhitaji kuandika jina. Ukiiingiza kwenye simu au kwa wakala, kabla ya kuweka namba ya siri angalia jina linalotokea. Kama si la mwanao wala la chuo chake, sitisha hapo.

Kukataa kwake huwa na sababu. Tarakimu moja imekosewa. Au muda wa ankara umekwisha, maana kontrol namba ina tarehe ya mwisho na ikipita unaomba nyingine uhasibu. Au ankara imetengenezwa ya kulipwa kiasi kamili, nawe umeweka pungufu: ankara inasema 600,000 wewe unaweka 400,000, mfumo unakataa. Ukitaka kulipa kwa vipande, mwambie mhasibu akutolee ankara inayoruhusu malipo ya sehemu, au akutolee mbili. Sababu nyingine ni kikomo cha muamala kwenye laini yako. Kiasi kikubwa nenda nacho benki. Kama fedha imekatwa na ujumbe wa kuthibitisha haujaja, usirudie kulipa. Subiri, kisha mpeleke mhasibu namba ya muamala aangalie kwenye mfumo.

Vyuo binafsi vingi hutumia akaunti ya benki. Akaunti hiyo iwe kwa jina la chuo. Namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe mwalimu, hata awe msajili, si mahali pa kuweka ada. Vishoka huwapigia wazazi msimu wa udahili wakijitambulisha kwa vyeo na kutaja jina kamili la mtoto, kwa kuwa orodha za waliochaguliwa hubandikwa hadharani. Kulijua jina la mwanao si uthibitisho wa kitu chochote.

Kijana wetu hana D ya Kemia. Mtu amesema tukitoa 500,000 ya "kushika nafasi" atasoma utabibu hivyohivyo na mambo yatarekebishwa ndani. — Familia, Usa River

Msitoe. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu usiopungua D katika masomo manne yasiyo ya dini, na Kemia, Baiolojia na Fizikia yawemo. Famasi inataka Kemia na Baiolojia. Maombi ya kozi za afya kwa Bara hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na matokeo ya kidato cha nne huhakikiwa kwa namba ya mtihani. Kijana ambaye hakuhakikiwa anaweza kukaa darasani muhula mzima na kulipa kila kitu, kisha jina lake likakosekana siku ya mtihani. Hiyo 500,000 itumieni kumrudisha darasani akafanye Kemia tena kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka mmoja utapita, lakini mlango utafunguka wa kweli.

Na chuo chenyewe kikaguliwe. Kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, ambacho ni bure mtandaoni, kinataja kila chuo, kozi zake, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na ada. Vyuo vya afya vina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Tafuteni kozi, si chuo tu: chuo kinaweza kuwa na kibali cha uuguzi na kikawa hakina cha maabara. Mkikuta ada ya kitabuni ni ndogo kuliko ya kwenye fomu, nendeni na ukurasa huo mkaulize tofauti imetoka wapi.

Nimechaguliwa stashahada ya famasi. Nimesikia bodi ya mikopo ni ya vyuo vikuu tu. Ni kweli? — Msichana, Ngaramtoni

Ilikuwa hivyo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imewafungulia wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya na sayansi shirikishi ni mojawapo. Orodha ya kozi hutajwa kwenye mwongozo wa bodi, kwa hiyo hakikisha humo kama famasi imo mwaka wako.

Kazi yako ya kwanza si fomu, ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwa mtandao na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Anza mara tu matokeo yanapotoka, kwa kuwa wiki ya mwisho kila mtu yuko kwenye mfumo huohuo. Majina ndiyo mtego mkubwa: cheti cha kuzaliwa kinasema jina la babu, cheti cha kidato cha nne kinasema jina la ukoo, mfumo unaona watu wawili. Ukiligundua sasa una muda wa kupata hati ya kiapo. Ukiligundua dirisha linapofungwa, umechelewa.

Kisha unafungua akaunti kwenye mfumo wa maombi wa bodi kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unalipa ada ya maombi ya 30,000 kwa kontrol namba, unajaza, unachapa fomu. Inasainiwa nawe, mdhamini wako, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Mdhamini awe na kitambulisho kinachosomeka vizuri kikiskaniwa. Kurasa zote za sahihi zirudishwe kwenye mfumo, zikiwa na picha na mihuri. Ukurasa mmoja uliosahaulika unatosha kukutoa. Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, jaza namba ya kaya. Kama mzazi ana ulemavu, ambatisha uthibitisho wa mganga mkuu. Vitu hivyo ndivyo vinavyoeleza uhitaji wako. Maelezo marefu ya shida hayana mahali pa kukaa kwenye fomu.

Jiandae kwa mambo mawili. Mkopo haufiki siku ya kuripoti, na unaweza usigharamie kila mstari wa fomu ya chuo, kwa hiyo awamu ya kwanza familia iitafute. Muombe mhasibu akuandike kama mwombaji wa mkopo, ili faini ya kuchelewa isikuangukie bodi inapochelewa. Na ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka liishe.

Hosteli 300,000 kwa mwaka, au chumba cha kupanga? — Mzazi, Sakina

Linganisha mwaka na mwaka, si mwezi na mwezi. Tuseme chumba ni 40,000 kwa mwezi: miezi kumi ni 400,000, na mwenye nyumba atataka miezi mitatu hadi sita mkononi. Ongeza umeme, maji, jiko, nauli. Kisha ongeza jambo ambalo wazazi wa vyuo vingine hawana: zamu ya usiku. Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu huingia wodini jioni na kutoka asubuhi, na mwingine huanza zamu kabla daladala hazijachanganya. Bodaboda ya saa kumi na moja alfajiri si bei ya mchana. Kwa mwaka wa kwanza tunashauri hosteli, hasa kwa binti. Mwaka wa pili atakuwa anaujua mji na wenzake wa kupanga nao.

Mwanangu ameugua wiki ya nne ya muhula, anarudi nyumbani. Tulilipa 900,000. Inarudishwa? — Baba, Himo

Baba, pole kwa ugonjwa. Usiombe kurudishiwa, omba kuahirisha masomo. Vyuo vingi havirudishi ada baada ya masomo kuanza, lakini hukubali ada ya muhula ulioahirishwa ihamie muhula atakaorudi. Peleka barua na cheti cha daktari mapema, msisubiri mpaka apone. Barua ya kukubaliwa itaje mambo matatu: tarehe ya kurudi, kiasi kilichopo kwenye akaunti yake, na kwamba kitahamishwa. Chumba kikabidhiwe kwa maandishi, na funguo pia, vinginevyo hosteli inaendelea kuhesabiwa yuko ndani. Fedha ya tahadhari iacheni hukohuko mpaka amalize.

Nimemaliza stashahada, nadaiwa 260,000, cheti kimeshikiliwa. Kazi inatangazwa sasa. — Muuguzi, Majengo, Moshi

Omba barua ya utambulisho inayosema umemaliza na umefaulu. Baadhi ya vyuo huitoa hata kwa mwenye deni akiwa na makubaliano ya kulipa. Haitoshi kuajiriwa, kwa kuwa lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na upate leseni, nalo linataka vyeti. Inasaidia kumwonyesha anayekukopesha kwamba deni lina mwisho wa karibu. Pendekeza chuoni mafungu mawili: nusu sasa ili matokeo yako yatumwe kunakohusika, nusu siku ya kuchukua cheti.

Ukishalipa, chukua vyote kwa safari moja: cheti, taarifa ya matokeo, risiti ya mwisho na barua ya kutodaiwa. Fedha ya tahadhari ya mwaka wa kwanza idai siku hiyohiyo, au uombe ikatwe kwenye deni kabla hujalipa: kama uliweka 50,000, unadaiwa 210,000. Hakikisha pia chuo kimewasilisha matokeo yako NACTVET. Ukitaka baadaye kusoma shahada utahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, ile inayoitwa AVN, na haipatikani kama matokeo yako hayajafika huko.

Barua za toleo lijalo ziandikwe jina la kozi, mwaka wa masomo na nakala ya ukurasa wa malipo wa fomu yako. Ufiche jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili kabla ya kutuma.